Sikukuu nne usiku mmoja: Idi yetu imebaki wapi?



Ndugu msomaji, katika darasa la akina mama ninalosomesha siku za Jumamosi baada ya Alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akaniambia, "Ustadhi, nina swali, lakini naomba usinicheke." Nyumbani kwao, alisema, wameamua safari hii wafanye sherehe moja tu kwa mwaka mzima. Mume wake anafanya kazi ya zamu, na Idil-Fitri ilimkuta kazini. Mama mkwe wake ni Mkristo, na kila Desemba hushuka kutoka bara kuja kuona wajukuu. Binti yao wa pili amezaliwa tarehe 29 Desemba. Na mwaka mpya ndio huo mlangoni. Basi baba mwenye nyumba akapiga hesabu zake: badala ya kupika pilau mara nne na kuita watu mara nne, usiku wa tarehe 31 wakusanyike wote, waile Idi waliyoikosa, bibi apate Krismasi yake, mtoto akate keki, na saa sita ya usiku waukaribishe mwaka. Sebule ilikuwa imeshaanza kupambwa. Ukutani wametundika "Idi Mubarak", na pembeni ya televisheni umesimama mti mdogo wa plastiki wenye taa za kuwakawaka.

"Sasa Ustadhi," akauliza, "hii ni dhambi, au ni kubana matumizi?"

Sikumcheka, kwa sababu swali lake si la nyumba moja. Anayeishi mjini, iwe Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, anazijua nyumba za namna hii, na pengine yake ni mojawapo. Nikamwomba ruhusa nilijibu hadharani bila kumtaja, akaniruhusu.

Kwanza tuwe waadilifu. Wanaounganisha sikukuu si wote watu wasioijali dini. Maisha ya mji yametutawanya. Kaka yuko Mbagala, dada yuko Tegeta, mdogo wao amehamia Kigamboni, na nauli ya familia ya watu sita kwenda na kurudi ni bei ya kuku wawili. Serikali ya Tanzania inatoa siku mbili za mapumziko kwa Idil-Fitri na siku moja kwa Idil-Adh-ha, lakini muuguzi, mlinzi, dereva na mpishi wa hoteli hawaoni mapumziko hayo. Mwisho wa Desemba ndio wakati ambao shule zimefungwa, likizo zimetoka na ndugu wamefika. Mtu anayesema "tukutane siku hiyo" hajasema neno baya. Kukutana ni jambo jema, na kuunga udugu ni amri. Shida ipo katika kile tunachokiita kwa jina la Idi tunapokutana.

Tuanze na msingi. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan Abi Daud na Sunan An-Nasai, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wana siku mbili ambazo wakicheza na kufurahi tangu zama za ujahilia. Akawauliza ni siku gani hizo. Walipomweleza, akawajulisha kwamba Allah (s.w.) amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora zaidi, Adh-ha na Fitri. Wafafanuzi wa hadithi wamezitaja siku hizo mbili za kale kuwa ni Nairuzi na Mihrijani, sikukuu zenye asili ya Uajemi. Sisi watu wa Pwani jina la Nairuzi si geni kwetu: sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai wengi huinasibisha na mwaka huo wa Kiajemi. Lakini tusitoke nje ya somo.

Neno la kuzingatia hapo ni "kubadilishiwa". Anayebadilishiwa kitu hubaki na kimoja, kile kipya, na cha zamani hukiacha. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia watu wa Madina kwamba sasa mna siku mbili zenu na mbili za Allah, jumla nne, chagueni usiku mmoja mzichanganye. Na watu wale walikuwa Waislamu wapya, wenye ndugu ambao hawajasilimu, tena wengine ndani ya nyumba zao. Mazingira yao hayakuwa mbali sana na ya mama huyu aliyeuliza. Kama kuchanganya kungekuwa na maslahi, pale ndipo pangefaa zaidi.

Kwa nini Idi hizi mbili na si siku nyingine? Kwa sababu kila moja imefungwa kwenye ibada. Idil-Fitri inafunga mwezi wa saumu, na Idil-Adh-ha imesimama juu ya Hija. Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, na Idi ikaja nyuma yake mwaka huo huo. Katika Suratul-Baqara, aya ya 185, Allah (s.w.) anataja kukamilisha hesabu ya siku za kufunga, kisha kumtukuza kwa kutuongoza, kisha shukrani. Utaona kwamba furaha imewekwa mwishoni mwa kazi. Ni ujira. Sasa mtu anapoiondoa Idi tarehe mosi Shawwal akaipeleka tarehe 31 Desemba, kinachofika huko ni pilau na nguo mpya. Idi yenyewe imeachwa njiani.

Hili si maneno yangu ya kukoleza darasa. Tazama vitu vinavyoifanya Idi kuwa Idi, uone vilivyofungwa na saa yake. Zakatul-Fitri, pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, ambayo kwa mizani ya leo wengi huikadiria kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu, imeamrishwa itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba anayeitoa baada ya swala, hiyo ni sadaka kama sadaka nyingine. Chakula ni kile kile, masikini ni yule yule, tofauti ni saa mbili tatu tu, na hukumu imebadilika. Takbira za Fitri, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, zinaanza jua la siku ya mwisho ya Ramadhani linapozama, na zinakoma imamu anapoingia katika swala. Udhhiya ina siku zake, kuanzia tarehe 10 hadi 13 Dhul-Hijja, na wako wanazuoni waliozifanya ni siku tatu tu.

Kisa cha Abu Burda bin Niyar (r.a.) ningependa kila baba mwenye nyumba akijue. Kimo katika Bukhari na Muslim. Swahaba huyu alichinja mnyama wake asubuhi ya Idil-Adh-ha kabla ya swala. Nia yake haikuwa mbaya hata kidogo. Alijua kuwa ni siku ya kula, akapenda watu wa nyumbani kwake na majirani zake wawe wa kwanza kufurahi. Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba kile alichochinja ni nyama tu, si ibada ya Idi. Akamruhusu achinje mbuzi mwingine mchanga aliyekuwa naye, ruhusa ambayo ilikuwa yake peke yake. Huyu alikosea kwa saa chache, tena kwa kuwahi, tena kwa ajili ya kufurahisha familia, na bado akaambiwa nyama ni nyama. Basi sisi tunaoisogeza Idi kwa miezi, tutaambiwaje?

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya wanafunzi wangu wa sekondari huwachanganya. Siku katika kalenda ya Kiislamu inaanza jua linapozama. Usiku unatangulia mchana. Kwa hiyo usiku wa Idi ni ule ambao mwezi umeandama, ule wa takbira, wa kupima zakatul-Fitri na kuifikisha kwa wenyewe, wa akina mama kuchambua mchele mpaka usiku wa manane. Ule usiku unaokuja baada ya mchana wa Idi, ambao familia nyingi za mjini ndio zinaufanya "usiku wa Idi", kwa hesabu ya sharia umeshaingia tarehe pili Shawwal. Sisemi ni haramu kula na kufurahi usiku huo, hasha. Nasema tu kwamba anayeuacha usiku wa kweli ukapita mbele ya televisheni, halafu akakodi viti na maturubai kwa usiku wa pili yake, ameshaanza kuisogeza Idi bila kujua, na safari ya kutoka hapo hadi tarehe 31 Desemba si ndefu kama anavyodhani.

Sasa nije kwenye yale yanayoweza kusogezwa, maana dini hii haikuja kutuziba pumzi.

Chakula kinaweza kusogezwa, na wageni na zawadi pia. Hakuna aya wala hadithi iliyosema kwamba ndugu wakutane kula saa saba mchana wa Idi la sivyo Idi imeharibika. Baba aliyekuwa zamu, akirudi nyumbani siku ya tatu na mkewe akampikia, akala na wanawe, wamepata heri. Hata swala yenyewe, aliyeikosa na jamaa hakuachwa mikono mitupu. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu juu ya aliyepitwa na swala ya Idi kwamba aswali rakaa mbili, na hapo akataja kwamba Anas bin Malik (r.a.), alipokuwa Zawiya, nje ya mji wa Basra, aliwakusanya watu wa nyumbani kwake na watoto wake, wakaswaliswa kama wanavyoswali watu wa mjini, na takbira zake. Na kwa Shafi, aliyepitwa anaweza kuilipa.

Hebu litafakari tukio hilo la Zawiya. Hiyo ni Idi ya familia, ndani ya nyumba, ya baba na wanawe. Katika mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, Waislamu katika nchi nyingi walirudi kwenye mfano huo. Saudi Arabia yenyewe ilikuwa katika amri ya kutotoka nje, na Idil-Fitri ya tarehe 24 Mei 2020 watu wake waliswali majumbani mwao. Mamilioni ya watoto waliwaona baba zao wakiwa maimamu wa sebuleni kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayesema "nataka Idi ya nyumbani, ya familia yangu tu", mlango wake upo wazi na umepitwa na Swahaba. Lakini tazama Anas (r.a.) alichokifanya: aliileta ibada nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: kwani katika fiqhi hakuna kuunganisha? Kupo. Idi ikiangukia siku ya Ijumaa, kama ilivyokuwa Saudi Arabia tarehe 21 Aprili 2023 na tena tarehe 6 Juni 2025, siku mbili tukufu zimekutana. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu waliohudhuria Idi wasirudi kwa Ijumaa wakitaka, huku yeye akiiswalisha. Madhehebu ya Hanbali yamelichukua hilo kwa upana wake, na asiyehudhuria huswali Adhuhuri. Shafi wameliwekea mpaka: ruhusa ni ya watu wa mashamba ya mbali walioingia mjini kwa ajili ya Idi, na ushahidi wao ni Sayyidna Uthman (r.a.) kuwaruhusu watu wa vitongoji vya juu vya Madina warudi makwao. Hanafi na Maliki wameiacha Ijumaa palepale. Vilevile ipo mas-ala ya akika na udhhiya kwa mnyama mmoja. Ndani ya madhehebu ya Shafi wenyewe, Ibn Hajar Al-Haytami amesema haitoshi, na Shamsuddin Ar-Ramli amesema kwa nia ya yote mawili yanapatikana. Mwenye uwezo wa ng'ombe ametoka kwenye ubishi huu, kwani ng'ombe ana mafungu saba. Mafungu mawili akika ya mtoto wa kiume, moja la wa kike, moja udhhiya yake, na yanayobaki washirikiane ndugu. Hapo kuna kubana matumizi kwa halali, tena kwa nyama tele.

Lakini angalia ni nini kimekutana na nini. Ni ibada na ibada, zote za Allah (s.w.), na waliozikutanisha wametazama dalili kabla ya kutazama mfuko. Huwezi kulichukua jambo hilo ukalifanya daraja la kuvukia kwenda kwenye mti wa Krismasi.

Na hapa ndipo penye moyo wa swali la yule mama, kwa bibi wa watoto. Najua wako wahubiri ambao wangemwambia amfungie mlango mama mkwe. Huo ni ukatili, na Qur'an haikuufundisha. Suratul-Mumtahana, aya ya 8, imeweka wazi kwamba Allah (s.w.) hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Asmaa binti Abubakar (r.a.) alitembelewa Madina na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, akaambiwa amuunge mama yake. Sayyidna Umar (r.a.) alipopewa vazi la hariri ambalo yeye halimfai kulivaa, alimpelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, naye hajasilimu. Bibi huyu basi, ambaye ni mama wa mume na ni katika Watu wa Kitabu, haki yake ni kubwa. Apokewe stendi, atandikiwe kitanda kizuri, apikiwe anachokipenda, anunuliwe kitenge, wajukuu wamsugue miguu. Yote hayo hayahitaji sikukuu.

Na akileta zawadi yake tarehe 25? Wengi watashangaa kusikia kwamba Ibn Taymiyya, mwanachuoni aliyeandika kitabu kizima, Iqtidhaau Sirat al-Mustaqim, kukemea Waislamu kushiriki sikukuu za wengine, katika kitabu hicho hicho amenukuu kwamba Sayyidna Ali (r.a.) aliletewa zawadi siku ya Nairuzi akaipokea, na kwamba Bi Aisha (r.a.) aliulizwa juu ya zawadi za Wamajusi siku ya sikukuu yao, akasema wale matunda na waache kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo. Akatoa hukumu kwamba kupokea zawadi yao si kushiriki. Ama kumpa Mkristo mkono wa heri siku yake, wanazuoni wametofautiana. Ibnul-Qayyim alilikataza kwa ukali. Katika zama zetu, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililokuwa likiongozwa na Sheikh Yusuf Al-Qaradawi, liliruhusu maneno mema ya heri kwa jirani na ndugu, bila kuingia katika ibada yao. Mimi siwezi kumlaumu mkwe anayemwambia mama mkwe neno jema asubuhi ya siku hiyo.

Lakini mti katika sebule ya Muislamu ni jambo jingine. Neno jema linamwendea bibi na kuishia kwake. Mti unabaki pale wiki tatu, watoto wanaamka nao na kulala nao, na unawafundisha bila kusema. Kisha, jambo ambalo nilimuuliza yule mama akanyamaza: bibi mwenyewe ameulizwa? Krismasi yake ni tarehe 25, na mahali pake ni kanisani na wenzake. Tarehe 31 usiku, katika nyumba ya Waislamu, katikati ya takbira za kwenye spika ya simu na keki ya mjukuu, hiyo haiwezi kuwa Krismasi yake kama ambavyo haiwezi kuwa Idi yetu. Mtu mzima anayeijali dini yake anaweza kuona amefanyiwa mchezo. Nasi tungechukia kama ndugu zetu Wakristo wangetuwekea msala na tende pembeni ya altare yao wakasema wametuunganishia Ramadhani.

Kuhusu keki ya mtoto sitakaa sana. Wapo wanaoikataza kabisa, wapo wanaoiona ni ada tu isiyo ibada. Anayeacha amejiepusha na shaka. Asiyeacha basi asiibatize jina la Idi. Na mwaka mpya wa Januari ni hesabu ya mishahara na kodi ya nyumba. Wa kwetu ni Muharram, na hata huo hatukuwekewa sherehe. Maulidi nayo, ugomvi wake tunaujua, na leo sitaki kuuchokoza.

Nimesema mti unafundisha bila kusema. Niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza waandike mistari mitano juu ya Idi nyumbani kwao. Wengi waliandika swala, nguo na pilau. Mmoja, mtoto wa Kiislamu baba na mama, aliandika kwamba Idi ni siku ya kupumzika, na sherehe kubwa ya familia yao ni ya Desemba. Hakuandika kwa kebehi. Ameandika anachokiona. Nikapitia tena madaftari yale nikaona kwamba hata walioandika "sahihi" hawakuwa na mengi ya kusema. Swala, pilau, halafu baba analala.

Hapo, wazazi, ndipo penye ugonjwa wenyewe, na kuunganisha sikukuu ni homa yake tu. Idi zetu za mjini tumezikausha. Mtoto anaona mwezi mzima maduka yanapambwa kwa ajili ya Desemba, nyimbo zinapigwa kila duka, kisha anaona Idi yake inakwisha kabla ya Adhuhuri. Anachagua penye furaha. Wala furaha si kitu cha kuazima. Siku ya Idi, vijakazi wawili waliimba nyumbani kwa Bi Aisha (r.a.). Sayyidna Abubakar (r.a.) akakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, akaeleza kwamba kila watu wana Idi yao na hii ni Idi yetu. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wake, naye akasimama akimsitiri mkewe atazame mpaka achoke yeye mwenyewe. Ni burudani iliyoje, tena ndani ya siku yenyewe, si ya kupelekwa mwisho wa mwaka.

Wazee wetu wa Pwani walilielewa hili. Zanzibar mpaka leo watu huhesabu sikukuu mosi, sikukuu pili, tatu na nne. Watoto wanavaa nguo tofauti, wanazunguka kwa jamaa kuomba mkono wa Idi, jioni wanapelekwa viwanjani. Waliinyoosha Idi ikawa siku nne. Sisi tumeibana ikawa nusu siku, kisha tunaipeleka ugenini. Baba asiye na fedha ya siku nne anaweza kumpa mwanawe shilingi mia tano mkononi siku ya mosi, kumpeleka ufukweni siku ya pili, na siku ya tatu kumpeleka kwa shangazi. Kikubwa ni mtoto ajue kwamba furaha hii imekuja kwa sababu tumefunga, au kwa sababu mahujaji wamesimama Arafa.

Jambo hili litazidi uzito mbele ya safari. Mwaka wa mwezi ni siku 354 au 355, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, na kwa miaka kama 33 inazunguka yote. Idil-Fitri ya mwaka 1421 Hijria ilikuwa Saudi Arabia tarehe 27 Desemba 2000, siku mbili tu baada ya Krismasi. Mwaka 2015, tarehe 12 Rabiul-Awwal iliangukia 24 Desemba. Na kwa hesabu za kalenda, mwaka 2033 Idil-Fitri inatarajiwa kuwa karibu na tarehe 23 Desemba. Watoto wa darasa la kwanza wa leo watakuwa vijana wakati huo. Wakishazoea kwamba sikukuu zote ni usiku mmoja, mwaka huo hawataona hata cha kuuliza.

Imebaki mas-ala moja, ambayo nayo nimeulizwa mara nyingi, ya nyumba yenye Idi mbili. Tunajua hali yetu. Kaka amefuata mwezi ulioonekana Saudi Arabia, mdogo wake anangoja tangazo la mwezi wa nchini, na mama yao mzazi anataka wanawe wote wale sinia moja. Ubishi wa mwezi una nafasi yake na sitaufungua hapa. Kila mmoja aswali na jamaa zake, wala aliyekwishaswali asimlazimishe mwenzake kula mchana, kwani huyo kwake bado ni Ramadhani. Basi mama awaite baada ya Magharibi ya siku hiyo. Jua likishazama, kaka yuko usiku wa pili wa Idi yake na mdogo wake ameingia usiku wa kwanza wa Idi yake, mmoja amemaliza takbira na mwingine ndio anaanza, na hakuna aliye na saumu. Huo ndio usiku mmoja ambao sikukuu mbili zinakutana kihalali, na sinia likae katikati.

Wallaahu a'alam.